Kiganja Juu ya Karatasi

Tangu redio itangaze kwamba vijana wataanza tena kuitwa jeshini, mfamasia mstaafu hakutulia. Anaketi, anainuka. Anafungua dirisha, analifunga. Mkewe akachoka naye.

"Baba watoto, una nini? Umekalia miiba?"

Heri ingekuwa miiba, ingechomolewa. Ilikuwa siri ya miaka arobaini, na siri ikianza kuwasha haina dawa, hata kwa mtu aliyeuza dawa maisha yake yote.

Enzi zile amri ilikuwa moja: mwanafunzi wa chuo akifaulu anaachwa asome, akifeli anavalishwa magwanda. Bwenini alikaa chumba kimoja na kijana mrefu waliyemwita Twiga, mcheshi, mvivu wa vitabu, wakawa chanda na pete. Siku ya mtihani wa kemia Twiga alimnong'oneza, "Sogeza mkono kidogo, ndugu yangu." Naye akafanya nini, jamani? Akafunika karatasi kwa kiganja. Alimwogopa msimamizi. Tuseme kweli, vita ndivyo alivyoviogopa zaidi. Twiga akafeli, na wiki mbili baadaye lori likampakia.

Twiga alirudi salama, akawa fundi makochi mji uleule, na miaka yote hiyo mfamasia alizunguka mtaa mzima asipite mbele ya karakana yake. Asubuhi hiyo uzalendo ukamshinda. Akavaa viatu, akaenda.

Alimkuta kapiga magoti mbele ya kochi lililochunwa kitambaa, misumari midogo mdomoni, mguu mmoja mgumu kaunyoosha pembeni.

"Dokta," Twiga alisema akiitema misumari. "Umezeeka vibaya. Kaa."

Hakukaa. Alizunguka kati ya mbao na sponji, akayamwaga yote: mtihani, mnong'ono, kiganja. "Nisamehe," alimaliza akihema. "Mimi ndiye niliyekupeleka kule."

Twiga alimtazama, kisha akacheka mpaka akashikilia kochi. "Kemia? Wewe, ningefeli hata ungeniandikia mwenyewe. Kulikuwa na hesabu pia, na mle nilitoka baada ya nusu saa. Ndicho unachojitesea miaka yote hii?"

Mfamasia alihisi kifua kinamfunguka. Akaketi, mwishowe, juu ya springi tupu.

"Mimi nilikuwa na neno jingine nawe," Twiga alisema, kicheko bado hakijamtoka. "Nilikuandikia barua sita kutoka kambini. Hukujibu hata moja. Nikasema labda hazikufika."

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amekuja kusema kweli, na ulimi ulishazoea.

"Zilifika," alisema. "Sikuzifungua. Niliogopa umenilaani humo."

Twiga aliiweka nyundo chini taratibu.

"Ya kwanza nilikuomba umwangalie mama. Alikuwa mgonjwa, peke yake, mwendo wa robo saa tu kutoka chuoni. Nikasema, huyu anasomea dawa, hatashindwa." Alikiokota kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Majirani walivunja mlango siku ya nne tangu afariki. Mimi nilikuja kuambiwa niliporudi."

Mfamasia aliinuka, akaketi, akainuka tena. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Na zile tano nyingine?" aliuliza.

"Nilikuwa nakushukuru kwa kumwangalia."