Ukurasa wa Sitini na Tatu

Binti yangu aliniletea karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, kurasa mia moja themanini na mbili zilizolegea, akaziweka juu ya meza yangu ya kazi kiwandani huku anaangalia saa.

"Shikamoo, Baba. Hii nakala ni yako. Za chuo nimeshapeleka."

"Marahaba, mama. Yangu niifanyeje?"

"Uisome. Ukipata nafasi. Usipopata, si neno."

Maneno ya mwisho aliyasema ameshanipa mgongo. Nilidhani ni haraka ya mtu anayewahi zamu. Yeye ni muuguzi, na kwa miaka mitatu alikuwa akisomea shahada ya uzamili bila kuacha kazi ya wodini. Utafiti wake ulihusu watoto wanaouguza wazazi wao nyumbani. Alikusanya habari za watu kumi na wanne, wengine sasa ni watu wazima, akaziandika bila majina, kwa namba tu: Mtoto wa Kwanza, Mtoto wa Pili, hivyo hivyo.

Mimi ni mfungaji vitabu kwa mwaka wa arobaini na mbili sasa. Niliingia kiwanda cha uchapaji kufagia vipande vya karatasi, sijui kusoma hata jina langu kwenye bahasha ya mshahara. Masomo ya jioni ndiyo yaliyonitoa huko. Nilianza na silabi pamoja na watu wazima wenzangu, tukijibana kwenye madawati ya watoto, na nikiwa na miaka arobaini na minne nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikafaulu. Wenzangu waliniita Kamusi, kwa sababu niliibeba kamusi mfukoni mpaka mfuko wa koti ukatoboka. Sikulichukia jina hilo. Kusema kweli, nililivaa kama medali.

Siku ile aliponiletea karatasi nilifungua ukurasa wa shukrani tu, nikamwita Mkasi, mwenzangu wa mashine ya kukatia.

"Sikiliza hii. 'Namshukuru baba yangu, aliyejifunza kusoma ukubwani, akanifundisha mimi kabla sijaanza shule. Nilipenda daftari kwa sababu nilimwona yeye akifungua la kwake kila jioni baada ya kazi.'"

"Rudia," akasema Mkasi.

Nikarudia. Nikarudia na mara ya tatu, bila kuombwa.

"Una bahati, Kamusi. Mwanangu akiandika shukrani ataishukuru televisheni."

Hapo hapo nikaamua zawadi yake ya mahafali. Nakala aliyonipa nitaifunga nimrudishie yeye, iwe kitabu ambacho hata profesa wake hana. Nilikuwa na ngozi moja ya mbuzi, nyekundu iliyokolea, laini kama ndewe ya sikio, niliyoiweka miaka kumi na moja kwa sababu hakikutokea kitabu kilichoistahili. Mkasi aliponiona naitoa alivua kofia.

Aliyenifundisha kazi alitupiga marufuku kusoma tunachofunga. Jicho la mfungaji, alisema, liangalie namba na ukingo wa karatasi, basi. Ukianza kufuata habari utashona sura ya tatu mbele ya sura ya pili. Sheria hiyo nimeishika maisha yangu yote. Nilipanga kwamba nitaisoma kazi ya mwanangu ikishakuwa kitabu, nimeketi kitini, nimevaa miwani, kama msomaji mwingine yeyote.

Kwa kuwa karatasi zilikuwa moja moja, nilizigawa mafungu madogo nikayashona pembeni kwa mkono, fungu kwa fungu. Siku ya tatu nilifika ukurasa wa sitini na tatu. Pembe yake ya juu ilikuwa imekunjwa. Mashine haikunji hivyo. Ulikuwa mkunjo wa kidole, uliobanwa kwa ukucha. Nikainyoosha ile pembe, na jicho likaanguka kwenye maandishi.

"Mtoto wa Saba. Msichana wa miaka kumi na miwili. Alimuuguza mama yake kwa miezi mitano. Baba alifanya kazi kiwandani na kusoma jioni. Siku ya kifo, Jumamosi, baba alikuwa kwenye mtihani uliochukua kutwa nzima, na hakuwa na njia ya kujua hali ya nyumbani. Alikuwa ameagiza mlango usifunguliwe, ili mgonjwa apate usingizi. Mama alifariki wakati redio ikisoma taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mtoto alikaa na maiti mpaka saa kumi na moja jioni. Jirani alibisha hodi mara mbili. Mtoto hakufungua. Alipoulizwa sababu, alijibu: 'Niliambiwa nisifungue.' Baba aliporudi, mtoto alimwambia kwamba mama amekata roho dakika ile ile."

Nilisoma mpaka chini ya ukurasa, kisha nikaanza tena juu. Sindano ilikuwa bado mkononi.

Sasa lazima niseme nilichokuwa nakijua mimi, na binti yangu alikuwa hakijui. Mtihani ule uliisha saa sita mchana. Kutoka shuleni hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ningekwenda moja kwa moja ningemkuta mke wangu hai, na mwanangu asingekaa peke yake hata dakika moja. Lakini tulikuwa watu wazima tisa tuliomaliza kidato cha nne, na mmoja akasema jambo kama hili halipiti hivi hivi, twendeni tukapige picha. Studio ilikuwa na foleni. Baada ya picha tukaingia hotelini kunywa soda, na baada ya soda zikaja hotuba.

Nilipofika nyumbani saa kumi na moja na mtoto akaniambia, "Baba, Mama amekata roho sasa hivi," nilimwambia mtihani ulichukua kutwa. Nikawaambia hivyo hivyo majirani, na shemeji yangu, na wazee msibani. Kwa miaka ishirini na miwili nimejifariji kwamba hata hivyo nilichelewa kwa dakika chache tu, na dakika chache si za mtu, ni za Mungu.

"Vipi, Kamusi, umechomwa sindano?" Mkasi aliniuliza.

"Kidogo," nikasema.

Niliimaliza kazi. Niliweka uti wa kitabu ukakaa sawa, nikaivuta ngozi juu ya jalada, nikapiga jina lake kwa dhahabu, herufi moja moja. Herufi mbili za mwisho zimelala kidogo. Mtu mwingine hatazigundua.

Siku ya mahafali nilipiga makofi kama wazazi wote. Alipoitwa nilisimama, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, akanivuta koti: "Keti, Shemeji, unawaziba wenye kamera!" Ilipofika saa tisa alasiri tulikuwa nyumbani kwangu, sisi watatu tu. Binti yangu alikuwa bado na joho lake, amelifungua mbele kwa ajili ya joto. Nikampa kifurushi.

Alikifungua polepole. Alipoiona ngozi alifunika mdomo.

"Baba! Hii umeifanya wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mama Mdogo, njoo uone! Njoo uone mambo ya shemeji yako huyu!"

"Shemeji yangu huyo, mwone," akasema shemeji, akapangusa mikono kwenye kanga kabla ya kugusa. "Lo! Kitabu kimevaa kuliko mimi. Ngoja nilete chai, nisije nikakimwagia machozi bure." Akaenda jikoni.

Binti yangu hakuangalia jina lake la dhahabu. Aliingiza kidole katikati ya kitabu, akafungua, akageuza kurasa mbili, akasimama. Akapapasa pembe ya juu ya ukurasa.

"Umeinyoosha."

"Karatasi yenye mkunjo haikai vizuri kwenye kibanio. Kitabu kizima kinapinda."

"Sikuulizi habari ya kibanio, Baba."

Jikoni vikombe viligongana.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa umelainika, sijauona hivyo tangu alipokuwa mdogo.

"Nimejaribu kukwambia mara nyingi nikashindwa. Nikaona niandike, wewe mtu wa vitabu, utaelewa. Sikutaka uumie. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba nilikaa na Mama. Wewe sikulaumu, Baba. Ndiyo maana niliandika kwamba hukuwa na njia ya kujua. Ulikuwa kwenye mtihani. Ungefanya nini?"

Alikuwa amenifungulia mlango mpana, na nilichotakiwa ni kupita tu. Ningesema, "Asante, mwanangu," na chai ingekuja, na tungezeeka hivyo. Niliutazama ule mstari: kutwa nzima. Nimefunga vitabu vyenye uongo maishani, nadhani, sikuwa navisoma. Lakini huu ulikuwa wangu. Nilimwambia mtoto mdogo karibu na maiti ya mama yake, naye akautunza kwa heshima zote mpaka akauchapisha chini ya jina lake, na mimi nikaushona kwa mkono wangu.

"Mtihani uliisha saa sita," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Kisha niliona macho yake yakipiga hesabu. Saa sita, nusu saa ya njia, saa saba. Akauachia mkono wangu. Hakuurusha, aliuweka juu ya goti langu kama kitu cha mtu mwingine.

"Halafu?" akauliza. Sauti ilikuwa ile ya kazini kwake, nadhani, ile aliyowaulizia wale wengine kumi na watatu.

"Tulikwenda studio kupiga picha."

"Hii ya ukutani?"

"Hiyo."

"Halafu?"

"Tukaenda hotelini. Kulikuwa na soda. Watu walihutubu."

"Nani alihutubu?"

"Mimi. Walinichagua nitoe shukrani."

"Ulimshukuru nani?"

"Walimu. Mwalimu mkuu. Wenzangu."

"Na Mama?"

Niliitazama ile picha ukutani.

"Sikumtaja."

Shemeji akaingia na sinia. "Mbona mmekaa kama mnasubiri matokeo? Mtoto ameshafaulu, jamani!" Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akaliweka sinia mezani taratibu, akarudi jikoni bila kumimina.

"Nipe kalamu," akasema binti yangu.

"Mwanangu, uongo huo si wako."

"Jina juu ya jalada ni la nani?"

Nikampa kalamu. Aliweka kitabu juu ya meza, akakibana kwa kiganja cha kushoto ili kisijifunge, kwa sababu uti ulikuwa bado mgumu. Akakata maneno "uliochukua kutwa nzima". Akakata na yale yanayofuata, "na hakuwa na njia ya kujua hali ya nyumbani", kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni akaandika kwa mwandiko wake mdogo: mtihani uliisha saa sita mchana. Alisita, kalamu imekaa juu ya karatasi, nikadhani ataongeza la studio na la soda. Hakuongeza. Aliupulizia wino mpaka ukakauka, ndipo akafunga.

"Mkono wa Mama ulikuwa wa moto mpaka saa tisa hivi," akasema. "Niliushika. Nilidhani ukiwa bado wa moto utakapofika, utajua la kufanya."

Akasimama, akavua joho, akalikunja vizuri. Nikainuka nimsindikize.

"Kaa, Baba."

Shemeji alimfuata nje. Niliwasikia wakiongea kwa muda mrefu karibu na ukuta wa nyumba, kisha nikasikia hatua za mtu mmoja. Kitabu, binti yangu alikwenda nacho.

Wiki tano zimepita. Amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama vidonge vya presha nakunywa kwa saa zake. Mara ya pili aliniuliza kama miguu bado inavimba, na nikivua soksi alama inabaki kwa muda gani. Namjibu kila swali kama lilivyo, simfichi kitu, hata siku niliyosahau kidonge. Nikimaliza kujibu hakati simu. Namsikia anapumua. Kisha anasema zamu imeanza.