Mashine Iliyosema Nipo

"Mie nikishaunga waya, ujue kazi imeisha. Hata umeme wenyewe, kabla haujapita kwenye kazi yangu, unabisha hodi."

Maneno hayo Brightson aliyatoa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, kifua mbele, mlangoni mwa kibanda cha ufundi simu pale Mbezi Luis, jirani na stendi ya mabasi. Waliomsikia walikuwa wawili tu: Godlisten, mwenzake wa kibandani, na Mwalimu Kokushubila, aliyekumbatia boksi la mayai arobaini na nane kama mama anayetoka kliniki na kichanga.

Mayai yenyewe yalikuwa yameshuka na basi la Bukoba asubuhi ileile, na hayakuwa ya kukaanga. Marehemu mume wa Mwalimu alifuga kule Muleba kuku warefu wenye shingo nyekundu, mbegu aliyoilea miaka thelathini. Mwezi wa tano kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia bandani kikafagia. Walibaki majike wanne na jogoo mmoja. Shemeji yake akaokota mayai siku kumi na mbili, na alipokuwa anayafunga kwenye maranda ili yasafiri, hao watano nao walikuwa wameanza kusinzia.

"Kwa hiyo mbegu yote ya mzee wangu iko humu," Mwalimu alisema na kulipiga boksi kofi jepesi. "Yakiharibika haya hakuna mengine. Una hakika na hiyo mashine yako ya kutotolesha vifaranga?"

Hapo ndipo ulipokuja ule umeme unaobisha hodi.

Godlisten alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. "Mwalimu, na wewe unamwamini huyu? Si ndiye aliyekuwaga ananiitikia jina form two?"

Mwalimu naye akacheka. Wote wawili aliwafundisha hisabati kabla hajastaafu. Kila asubuhi alikuwa akiita majina, na kila Godlisten alipochelewa, sauti ya Brightson ilitoka dawati la nyuma, imebanwa puani: "Nipo, mwalimu!" Iliendelea hivyo hadi siku Mwalimu alipomtuma Godlisten chaki ofisini, akafungua daftari la mahudhurio na, bila kuinua kichwa, akaita, "Godlisten." Nyuma kule pua ikaitika, "Nipo, mwalimu!" Brightson alisugua vyoo vya shule wiki nzima.

"Yale yalikuwa ya utoto," Brightson alisema. "Siku hizi mie ni mtaalamu."

Saa sita mchana mtaalamu alikuwa Makabe, nyumbani kwa Mwalimu, kichwa kimezama ndani ya kasha la plywood kwenye stoo ya nyuma. Kasha lilikuwa na balbu mbili za kutia joto na feni ndogo ya kulisambaza. Ubongo wake ulikuwa bodi ya kompyuta fupi kuliko kidole, ambayo Brightson aliiandikia maelekezo kwa Python, lugha ya kompyuta. Bodi iliungwa na vifaa vitatu: kihisi cha kupima joto, skrini ya kulionyesha, na memori kadi ya kuliandika kila dakika. Kadi haikuombwa na mtu. Brightson aliiongeza kwa sifa tu, na tayari alikuwa ameshamwapia Mwalimu kwamba siku ya ishirini na moja, vifaranga wakishatoka, atamprintia historia ya joto yote.

"Hizi nyaya mbona zinakwenda kwa wote?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiandika kwa penseli X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili, ili ajue lipi limegeuzwa.

"Ndiyo raha yake. Inaitwa SPI. Nyaya tatu wanachangia wote: mmoja unapiga mdundo, wa pili unapeleka maneno ya bodi, wa tatu unarudisha majibu. Halafu kila kifaa kina waya wake binafsi wa kuitwa. Bodi ikikiita kihisi, kinajibu kihisi peke yake. Wengine kimya."

"Kama darasa wakati wa kuita majina."

"Hapohapo, Mwalimu!"

"Na kukiwa na mmoja asiyefunga mdomo?"

"Darasa langu lina nidhamu," alisema Brightson.

Dakika kumi baadaye skrini ilisema kwamba ndani ya kasha kuna nyuzi joto mia tisa. Kisha mbili. Kisha hasi arobaini, baridi ya kugandisha samaki. Brightson alichomoa kadi, skrini ikasema ishirini na nane, sawasawa na hali ya hewa ya stoo. Akairudisha, mia tisa. Alielewa papo hapo. Kile kishikio cha kadi kilikuwa cha bei ya kutupa, na hata kisipoitwa hakikuuachia ule waya wa majibu. Kihisi kilikuwa kikitaja joto, na kadi ikibwabwaja juu yake.

Dawa alikuwa anaijua: aitoe kadi. Lakini kiapo cha historia ya joto je? Angeweza pia kuipa kadi nyaya zake peke yake, ila ingebidi afumue nyaya, achomelee upya, aandike upya maelekezo, na jikoni ndizi zilikuwa zimeanza kunukia. Mwalimu alishamaliza yai la arobaini na nane. "Tayari, mwanangu?"

Brightson aliinamia laptop. Pale penye maelekezo ya kukiuliza kihisi, akafuta. Badala yake akaandika kwamba joto ni 37.5, ndilo mayai yanalolitaka. Ili namba isionekane imeganda, akaiongezea uongo wa pili: iwe inapanda na kushuka kidogo, yenyewe tu, kwa bahati nasibu. Balbu akazipangia ziwake dakika tatu na kuzima mbili, kipimo alichokipata kwa kuingiza kiganja ndani ya kasha na kukunja uso kama daktari.

"Tayari, Mwalimu." Na moyoni: kesho nakuja kuirekebisha.

Mwalimu aliiona 37.4 ikibadilika kuwa 37.5, akapiga makofi. Alimpakulia ndizi, na alipokuwa anaondoka akamtia mkononi kopo la senene wa kukaanga, panzi wa kwao Bukoba, wale wa kuhesabika, ambao huwa hawapewi wapita njia.

Kesho ilikuwa Jumapili. Kesho kutwa kulikuwa na foleni ya simu. Jumatatu jioni ukaingia ujumbe: "37.6. Mungu akubariki mwanangu." Jumanne: "37.4. Nimefungua kunyunyiza maji, mashine yako haishtuki. Mungu akubariki."

Haishtuki! Ingeshtukaje, na haikuwa inasikia chochote?

Kila siku saa kumi na mbili jioni, simu ya Brightson ilileta namba na baraka. Namba aliitunga yeye mwenyewe, na baraka alikuwa anazipata za bure. Alianza kuiogopa saa kumi na mbili. Alipokwenda kwa muuza chipsi, mikono ya jamaa ikapasua yai la kwanza kwenye ukingo wa kikaango, Brightson akapiga ukelele: "Acha! Niwekee kavu!"

"Tangu lini huli mayai?" Godlisten alimuuliza.

"Yananiletea kiungulia."

"Kiungulia na senene pia? Lile kopo lina wiki mezani hujaligusa. Braza, una ishu gani na Mwalimu?"

"Kula wewe."

Godlisten akala. Kila alipotafuna, Brightson aliisikia ile krachakracha kama maganda.

Asubuhi za kipupwe zilikuwa mbaya zaidi. Akiamka na kujifunika shuka mpaka masikioni, alikuwa anafikiria balbu mbili zinazowaka dakika tatu na kuzima mbili, hata kama stoo imepoa. Mara tatu alibeba begi la vifaa akafika mpaka kona ya kwenda Makabe, na mara zote tatu akageuka. Angesema nini? Kwamba amekuja kutengeneza mashine ambayo haijaharibika?

Kilichomsukuma ni ujumbe wa Ijumaa ya wiki ya pili: "37.5. Jogoo wa kwanza nitamwita Brightson. Mungu akubariki."

Jumamosi alfajiri hakuonja hata chai. Alijua kwamba siku hiyo, kuanzia saa moja, Mwalimu huwa kwenye sala za jumuiya, na alijua ufunguo wa stoo unalala chini ya ndoo ya bluu. Alipanga vizuri. Atatoa kadi, atarudisha maelekezo ya kweli, atapandisha joto, atafunga mlango na kuondoka, na kuanzia leo mashine itakuwa inasema ukweli bila mtu kujua kwamba iliwahi kusema vingine. Huko njiani alianza hata kujisikia vizuri, kana kwamba ameshatubu.

Getini hapakuwa na mtu. Ndoo, ufunguo, stoo. Skrini ilimpokea na 37.6 yake, imetulia kama mchungaji. Brightson alitoa kadi kwanza, akaunganisha laptop, akautafuta ule mstari. Alipoukuta aliutazama kidogo, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani akiwa na nywele za ajabu. Akaufuta. Akarudisha ya kweli. Akawasha upya.

0.0.

Akawasha tena. 0.0. Kadi ilikuwa nje, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anabwabwaja. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Aliyeitwa ndiye hakuwa anajibu. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Aliunguza kihisi? Lini? Au umeme wa Makabe ulikuja kwa nguvu bila kubisha hodi?

"Inasema ngapi leo?"

Sauti ilitoka mlangoni, nyuma yake. Brightson alikuwa ameikinga skrini kwa mgongo, na hakupata hata sekunde moja ya kufikiri. Ulimi ukamtangulia, kama ulivyozoea tangu dawati la nyuma, mchangamfu na umebanwa puani:

"Thelathini na saba nukta tano, Mwalimu!"

Akageuka.

Mwalimu Kokushubila alikuwa na khanga mabegani na rozari shingoni, lakini miguuni alivaa ndala, na jumuiya haendagi mtu na ndala. Mkono wa kushoto ulishika daftari. Mkono wa kulia ulishika waya mwembamba kwa vidole viwili, kama anayeshika panya mkiani, na mwisho wa waya kilining'inia kihisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekichomoa Jumatano."

Brightson alitazama ubavuni mwa bodi. Tundu la kihisi lilikuwa wazi, na yeye kwa haraka zake hakuwa amelitazama.

"Jumatano nilifungua kasha nigeuze mayai," Mwalimu alisema, polepole, kwa sauti yake ya ubaoni. "Mwajabu wa jirani akaniita ukutani, tukaongea nusu saa nzima. Nikarudi nikalikuta kasha wazi na upepo unaingia, na mashine imepanda. Nikakumbuka uliyonifundisha. Kila mmoja na waya wake wa kuitwa. Basi nikamtoa mwanafunzi nje ya darasa, nikaita jina." Alikiinua kihisi kidogo. "Akaitikia. Alhamisi akaitikia. Jana akaitikia. Na mie nikawa nakuandikia, nikisema labda huyu kijana atakuja mwenyewe aniambie."

"Nimekuja, Mwalimu."

"Umekuja saa ya jumuiya."

Brightson alishika kifuniko cha kasha ili tu mikono ipate kazi, na kifuniko kikafunguka. Trei zilikuwa tupu. Palibaki harufu ya balbu na duara moja la ute uliokauka.

"Yako wapi?" Sauti ilimtoka ya kwake mwenyewe safari hii, ndogo.

"Jumatano hiyohiyo niliyapima kwa tochi, moja moja. Thelathini na moja hayana hata mshipa. Kumi na saba yana. Hayo kumi na saba nimeyalaza kwa Mwajabu, ana kuku wawili wanatamia." Alikitazama kihisi mkononi. "Mzee wangu alikuwa anasema jogoo wake akiwika, Muleba nzima inaamka. Sasa sijui kama kwenye kumi na saba kuna jogoo."

"Mwalimu, ile kadi ilikuwa…"

"Sijakuuliza kadi."

Alifungua daftari. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, tarehe upande wa kushoto, namba upande wa kulia, asubuhi na jioni, mwandiko ulionyooka kama wa daftari la mahudhurio. Kuanzia Jumatano namba zilikuwa kwa wino mwekundu. Akatoa kalamu nyekundu nyweleni, akaweka ncha yake kwenye mstari wa leo, na bila kuinua kichwa akasema:

"Kihisi ninacho hapa mkononi. Godlisten yuko kibandani, nimeongea naye kwa simu sasa hivi. Haya niambie, Brightson: huyo aliyeitika thelathini na saba nukta tano ni nani?"

Nyuma ya mgongo wake, kwenye skrini, mashine ilikuwa inasema sifuri.