Walichokuwa Wakikiona Wapigaji

Mpira ulipita juu ya kichwa changu, ukavuka ukuta wa mbao wenye tangazo la duka la matrekta, ukapotelea kwenye shamba la mahindi. Yule mpigaji niliyemrushia hata hakukimbia. Alisimama na gongo lake akiutazama unavyokwenda, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Huruma! Heri angenitukana.

Nikamgeukia Chuy Barrientos, mdakaji wangu, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa yake ya chuma. Chuy akainua mabega. Tulikuwa tumekubaliana nirushe mpira wa kupinda, ule unaokuja umenyooka halafu ukazama ghafla, mpigaji akapiga hewa. Na jamaa alikuwa ameusubiri palepale unapozamia, kama mtu anayesubiri basi lake la kila siku.

"Wanajua," Chuy aliniambia tulipokaa kwenye benchi. "Naapa, Royce, wanajua kabla hujarusha. Kuna kitu unafanya. Unajianika."

"Nafanya nini?"

"Ningejua si ningekwambia, bwana? Mimi kazi yangu kuutazama mpira, sikutazami wewe uzuri wako."

Hiyo ilikuwa jimbo la Iowa, Marekani, kiangazi cha 1987, kwenye ligi ndogo ya besiboli, ngazi ya chini ambako vijana hupita tu wakielekea juu. Mimi sikupita. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kwa ligi ile huo ni uzee. Mke wangu Darlene alikuwa ameacha kazi ya saluni kwao Arkansas ili anifuate, na wote wawili tulijua kwamba nisipojirekebisha kabla msimu haujaisha nitaachwa, na hakuna timu nyingine itakayonichukua.

Kujianika, kwetu watupaji, ni ugonjwa wa aibu kuliko yote. Mmoja hutoa ulimi kila akitaka kuupindisha mpira. Mwingine hupandisha nyusi. Mwenyewe hana habari, ila benchi zima la wapinzani linajua, na hakuna atakayekwambia, maana akikwambia amejinyang'anya chakula mdomoni.

Hofu nilikuwa nayo, sikatai. Lakini udadisi ulinizidi nguvu. Nilitaka kujua! Asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikirusha soksi zilizokunjwa, Darlene ameketi kitandani na kipande cha tikiti maji, yeye ndiye mpigaji.

"Wa kasi," anasema. "Wa kupinda. Wa kasi. Wa kasi tena."

"Umejuaje?"

"Nabahatisha, mume wangu. Unarusha soksi."

Chuy ndiye aliyegundua, mwezi wa Juni, tukiwa mazoezini. "Ebo! Glavu!" alipiga kelele. Kumbe kila nilipotafuta namna ya kuushika mpira wa kupinda, mkono wangu ukiwa umefichwa ndani ya glavu, glavu yenyewe ilipanuka kama mdomo wa kifaranga anayelishwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mateso yote yale, kumbe ni glavu tu! Darlene aliishona vidole viwili pamoja kwa kamba ya kiatu, akaikaza, ikawa haifunguki hata uivute. Mechi iliyofuata wapigaji walipiga upepo mtupu, na Darlene alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Wiki iliyofuata wakanipiga tena, mpira baada ya mpira.

"Basi kuna kingine," nikasema. Chuy akainama kufunga kamba za kiatu. Tukatafuta. Tukachunguza pumzi yangu, bega langu, jinsi ninavyotafuna bazoka. Nilinyoa hata masharubu, Darlene akauliza masharubu yamemkosea nani.

Siku hizi naendesha lori la kusambaza gesi hukuhuku Arkansas, na ugonjwa ule wa kuwachungulia watu haujanitoka. Mteja mwenye malalamiko namjua kabla hajafungua mlango. Darlene akinificha jambo huanza kupanga vikombe. Watu wote wanajianika, ukiwatazama kwa makini, ila mimi enzi zile nilijitazama mwenyewe tu, nikatafuta na kutafuta.

Mwezi wa Agosti kocha wetu, Gus Pavlik, aliniita pembeni. "Jumapili unaanza wewe," alisema. "Sikudanganyi, kijana. Wamenipigia simu kutoka juu. Ukirusha vizuri nitakutetea. Ukipigwa, sina la kusema."

Jumapili ile tulicheza na timu ya ng'ambo ya mto. Walikuwa na mpigaji mmoja, Lonnie Macklin, mwenye ndevu zilizoanza mvi, mtu pekee uwanjani aliyenizidi umri. Lonnie alinipiga mara ya kwanza, nikajikaza. Aliponipiga mara ya pili, na wenzake wakamfuatia, Pavlik alikuja taratibu mpaka kwenye kilima changu cha kurushia akanyoosha mkono nimpe mpira, yaani nimetolewa. Baada ya mechi aliniita ofisini akafunga mlango. Kwenye mchezo wetu kocha akifunga mlango, huhitaji kusikiliza.

Nilitoka na begi langu begani. Darlene alikuwa kwenye gari ananingoja, lakini miguu ilinipeleka kwenye basi la wapinzani. Jambo hilo halifanyiki. Mtupaji aliyepigwa hawafuati waliompiga. Vijana madirishani walikuwa wanataniana, wakageuka kunitazama.

"Lonnie," nikaita. "Hebu shuka kidogo."

Alishuka na sandwichi mkononi. Akalitazama begi, maana mchezaji akionekana na vitu vyake vyote baada ya mechi ya nyumbani, kila mtu anajua kilichompata.

"Wamekuacha?"

"Wameniacha. Kwa hiyo sasa hupotezi kitu. Niambie, kaka. Mlikuwa mnaona nini?"

Alitafuna, akameza, akatazama viatu vyake. Nilidhani atakataa.

"Glavu," alisema hatimaye. "Ukitaka kupindisha, inafunguka."

Nilibaki nimesimama. Glavu ilikuwemo ndani ya begi, imeshonwa tangu Juni. Nilitaka kuitoa nimwonyeshe. Ndipo nikamtazama usoni, nikaona masikio yamemwiva, mekundu, mtu mzima yule. Alikuwa anajianika mbele yangu, maskini, na mwenyewe hajui.

"Kumbe glavu," nikasema.

"Ni hiyo tu. Mkono wako hauna neno. Mkono ni mzima kabisa."

"Asante, Lonnie."

"Usijali, ndugu yangu." Akakata sandwichi yake katikati, akanipa nusu, akapanda basi.

Darlene alikuwa ameshaliona begi. Hakuuliza habari ya Pavlik. Alisubiri niketi, kisha akaniuliza, "Yule mtu amekwambia?"

"Amesema ni glavu."

Akakunja uso. "Glavu si niliishona?"

"Uliishona."

Alishika usukani bila kuwasha gari. Nilimwona anavyowaza, nikatamani asifike nilikofika mimi.

"Sasa walikuwa wanaona nini, Royce?"

"Mpira," nikasema. "Walikuwa wanauona mpira tu, ulivyokuwa ukija polepole."

Darlene akawasha gari. Tulikuwa tumeshavuka daraja ndipo nilipoanza kulia, naye hakuniambia ninyamaze.