Tela Lililotangulia Machame

Usiku wa jana niliota nimechoka. Nimesimama uani kwangu Mbezi, drili mkononi, mbele ya tela la kulala, lile ambalo ukizungusha hendeli paa huinuka na hema likafunguka pande mbili. Nililinunua bovu ili Krismasi twende nalo Machame kwa mama, maana nyumba yake hujaa ndugu hadi jikoni. Krismasi zinapita, mimi bado naliboresha.

Natoboa tundu la taa. Tela linaguna.

"Baba Kunda, taa ya nini tena?"

"Ya kusomea."

"Nani anasoma?"

Naendelea kutoboa. Mke wangu Aikande anapita na beseni la nguo. Hashangai kulisikia tela likisema. "Mwambie wewe," analiambia. "Mimi nilisema mpaka nikachoka."

Nazungusha hendeli. Paa linainuka, nyumba yetu nayo inainuka, kamba ya nguo pia. Aikande anaendelea kuanika, amenyoosha mikono.

Vitu vinaposhuka, ua haupo. Tupo kwenye mizani ya barabarani, malori yamepanga foleni nyuma yetu. Afisa wa mizani ni jiko langu la gesi la plati mbili, limevaa fulana ya riflekta.

"Kila kilichomo kishuke kipimwe."

Nashusha sinki. Halina uzito. Betri, hivyo hivyo. Godoro linaelea, tunalishika lisiende zake. Lakini matairi ya tela bado yamebonyea.

"Kuna kitu umeficha," linasema jiko.

"Sijaficha kitu, afande."

Linachungulia chini ya kitanda na kuvuta kwa kamba "Mama, bado kidogo tu." Hayo ni maneno yangu ya kwenye simu. Linafuata neno "Mama, nimalizie sinki kwanza," kisha "Mama, mwezi ujao bila kukosa," ambalo limepasua sakafu niliyoipiga ribiti mwenyewe. Naona aibu. Madereva wa malori wanatazama pembeni, kwa heshima.

"Haya hayavuki," linasema jiko. "Yabaki na mwenyewe."

Tela limekuwa jepesi. Linaondoka bila gari. Nalikimbilia, maneno yote nimeyabeba mgongoni.

"Nisubiri! Sijashona mapazia!"

"Mama yako hajaagiza mapazia," linajibu bila kugeuka.

Nakaa chini kwenye mizani. Tela linarudi baadaye, lina matope hadi madirishani.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Amejaribu kitanda, amelala kidogo. Ameniuliza kama umechoka."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba umechoka sana. Akasema nisubiri, akaingia migombani na kisu."

Nikaamka. Nilitoka nje na kandambili moja. Tela lilikuwa mahali pake, limekauka. Kwenye chuma chake cha kuvutia palikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

Isale, mmea wa migombani kwa mama, haioti mtaani kwetu. Na kwetu Uchaggani, jani hilo likifungwa fundo hupelekwa na aliyekosa, kuomba radhi. Mama hajanikosea chochote. Yeye hupiga simu tu kuuliza tutakuja lini.

Aikande akatoka na mswaki mdomoni, akalitazama jani, akanitazama mimi. Alirudi ndani kuwaamsha watoto, nami nikaenda kuleta gari.