Jina la Baba Yake Liwali

Kwenye Mtaa wetu wa Mierebi wanawake huuza nyimbo, mashairi na mazungumzo. Mengine usiniulize. Mimi ni mpiga ngoma tu, na ngoma yangu naipiga nikiwa nimegeukia ukutani.

Msomi wa mtaa mzima alikuwa Yan Zhuyin, wa nyumba ya Mama Hou. Wanaume walikuja kwake na hariri zao, wamenukia, wakakaa, wakasahihishwa insha, wakaondoka. Wengine walitoka wanalia. Wiki ya pili hao, wamerudi.

Kila mwaka miti inapochipua, mtaa wetu huwatahini wanawake kwa mashairi, kama serikali inavyowatahini maofisa wake. Mshindi huitwa Ua la Kwanza, anazungushwa mtaani juu ya farasi, kesho yake anaendelea na kazi. Lakini mwaka ule Liwali Bian alitangaza kwamba Ua la Kwanza atapanda kwake kilimani, awe mke wa nane.

Mama Hou alipiga vigelegele. Zhuyin akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kaka Dou," aliniambia, "kule wake hawasomi. Yule mtu anaamini vitabu vinawapa wanawake kikohozi. Mke wa tano alikutwa na kalenda, akanyweshwa dawa!"

"Si usishiriki?"

"Nyumba isiyotoa mshiriki hufungwa. Mama alale wapi?"

"Basi andika vibaya ushindwe."

"Unadhani sijajaribu?"

Alikuwa amejaribu kweli. Alitunga shairi la kabichi, baya makusudi. Mama Hou alipolisikia alilia mpaka akamwomba radhi mama mkwe wake, ambaye alishakufa. Akatunga la kisigino chenye nyufa, mpishi akalikariri na mpaka leo analiimba akikoroga supu. Mkono wa Zhuyin ulikuwa haujui ubaya.

Asubuhi ya mtihani alinijia anatabasamu. "Nimepata dawa. Nitamtaja baba yake."

Kijiti cha ngoma kikanidondoka. Kwetu jina la baba wa mkubwa halitajwi, na la marehemu baba yake Liwali ndiyo usiseme. Hata mimi hapa silitaji, na wewe nakusimulia kwa mapenzi. Ukilitamka, viboko. Ukiliandika kwenye mtihani, karatasi yako inatupwa nje.

"Ndicho ninachokitaka," alisema. "Nitupwe nje."

Nilikaa na ngoma yangu nyuma ya pazia la waamuzi, kwa hiyo niliyasikia yote. Walikuwa watatu, na mkuu wao ni Mzee Geng, mwalimu mstaafu mwenye ndevu nne. Alipofika kwenye karatasi ya Zhuyin akakohoa.

"Hii ina kosa."

"Kosa gani?" aliuliza wa pili.

"Soma mstari wa tatu."

Wa pili akasoma. "Lo! Itupwe nje!"

"Ukiitupa, sheria inakutaka utangaze sababu mbele ya watu. Haya, tangaza."

"Mimi? Wewe ndiye mkuu!"

"Mimi nina wajukuu."

"Tuseme tu shairi ni baya," wa tatu akadakia.

"Mashairi mabaya yanabandikwa langoni, mjinga wewe! Jina lile libandikwe langoni, pembeni ya muuza tofu?"

Wakapumua kwa zamu. Karatasi moja tu ndiyo isiyobandikwa wala kutangazwa kosa: ya mshindi. Hiyo hufungwa kwenye hariri nyekundu, na kwa kawaida haifunguliwi tena. Basi wakalificha jina la baba yake Liwali mahali pekee lilipofichika. Wakampa Zhuyin ushindi.

Pazia lilipofunguliwa na jina lake likaitwa, Zhuyin alinitazama. Mimi nikaitazama ngoma.

Liwali alikuwa kiti cha mbele, anatafuna mbegu za tikiti, amefurahi. "Mke mwenyewe huyu!" akasema. "Haya, nifungulieni hariri. Asome kwa mara ya mwisho, kilimani hatasoma tena."

Mzee Geng akashika meza. Zhuyin akaifungua karatasi, akasoma. Alipofika mstari wa tatu hakupunguza sauti wala hakupepesa jicho. Alilitamka jina lile zima, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Mbegu ya tikiti ikakwama kooni kwa Liwali. Askari wakanyanyua fimbo.

"Amemtaja baba yangu!"

"Amemtaja, mheshimiwa," alisema Mzee Geng. Alikuwa anatetemeka, maana fimbo zikimaliza kwa Zhuyin zingehamia kwake. "Lakini nani anaruhusiwa kulitaja jina lile?"

"Wakubwa wa marehemu. Hakuna mwingine!"

"Na anayelitaja bila ruhusa si lazima atetemeke? Huyu ametetemeka? Kwa hiyo ni mkubwa wa marehemu. Ni dada yake."

"Ana miaka ishirini na miwili!"

"Ukoo hauhesabiwi kwa meno, mheshimiwa. Chagua mwenyewe. Ama leo baba yako ametukanwa na mwimbaji mbele ya mji mzima, ama ametajwa na dada yake."

Liwali aliwaza. Ukimtazama usoni ungedhani anasukuma mkokoteni. Watu wote walikuwa wanamtazama, na muuza tofu alishapanda juu ya meza yake ili aone vizuri. Mwisho Liwali akapiga magoti, taratibu, goti moja, halafu la pili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Zhuyin aliikunja karatasi. "Nasikia unataka kuoa tena."

"Nilikuwa... nilikuwa nawaza tu, shangazi."

"Hao saba umewamaliza?"

"Hapana, shangazi."

"Waache wasome. Anayekohoa umlete kwangu."

Na shangazi haolewi na mtoto wa kaka yake, hata kwetu. Zhuyin alibaki nyumbani na vitabu vyake. Siku hizi wake saba wanashuka kilimani kuja kufundishwa naye, na Liwali anawasubiri nje na miavuli. Mama Hou, kwa kuwa Zhuyin humwita mama, amekuwa bibi yake Liwali, na ameanza kumkemea kuhusu tumbo lake.

Mimi Zhuyin huniita kaka. Liwali alipiga hesabu hiyo juzi, akanisalimia kwa magoti, nami ngoma nimeishika. Kwa hiyo sasa na mimi ni mkubwa wa marehemu, ruhusa ninayo. Jana nilijifungia chooni nijaribu kulitamka lile jina, polepole. Nikafika nusu, nikasikia mtu anakohoa nje. Nikapiga chafya kulifunika, nikatoka.

Alikuwa Mzee Geng, anasubiri zamu yake. Naye siku hizi anajiita mjomba wa marehemu.