Ruta ya Pili

Bosi aliingia nyumbani kwa mama yake na viatu miguuni, akapita sebuleni moja kwa moja hadi kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti. Jina la Bosi alipewa na ndugu zake tangu utotoni, na hakuwahi kulikataa. Ndiye mkubwa, ndiye anayefanya kazi mji wa mbali, na mama alipopooza upande mmoja, ndiye aliyekuja kufunga kamera kwenye kona ya chumba chake. Kwa kamera ile alimwona mama kwenye simu kila alipotaka. Kisha ghafla, giza. Miezi miwili sasa haoni kitu.

"Shikamoo, dada," mdogo wake alisema kutoka jikoni. Huyu ni Kitinda, mtoto wa mwisho. Ndiye anayeishi na mama, ndiye anayemlisha, anayemgeuza na kumwosha.

"Marahaba. Umegusa nini hapa?"

"Nitagusaje na nywila unayo wewe?"

Hapo hakusema uongo. Siku alipofunga kamera, Bosi alibadilisha nywila ya ruta akaondoka nayo kichwani. Hakumwamini mdogo wake hata kumwachia kijiko cha chumvi. Na njia nzima akija alikuwa na neno moja tu moyoni: anamtesa mama, ndiyo maana hataki nione.

Alivuta kigoda, akafungua kompyuta mapajani. Kamera ikaonyesha picha safi kabisa, mama amelala chali, shuka limemfika kifuani.

"Si hiyo inafanya kazi?" Kitinda alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta sufuria kwa kitambaa, anaifuta mno.

"Inafanya kazi kwa sababu niko ndani. Mimi siishi ndani."

"Hilo tunalijua."

Bosi aliliacha lipite. Alizima mtandao wa nyumba kwenye simu yake, akawasha data, akajaribu tena kama mtu aliye barabarani. Giza.

Basi akaanza kuikagua kazi yake. Ruta ni bawabu tu. Nyumba ina anwani moja huko nje, na bawabu asipoambiwa, kila anayebisha hodi humfukuza. Bosi alikuwa amemwambia: akija mtu kupitia poti hii, yaani mlango huu, mpeleke kwenye kamera. Akatazama, amri ipo. Akatazama kama anwani ya kamera imehama, maana vifaa hivi huhama bila kuaga, akaikuta palepale alipoifunga. Akazima ulinzi wa ruta kwa muda, akajaribu tena. Giza lilelile.

"Labda ni kampuni ya mtandao," Kitinda alisema.

"Labda ni wewe."

"Dada, umeingia humu ndani, umeuliza ruta, umeuliza nywila. Mama hata hujaenda kumsalimia."

"Nitamsalimia nikimaliza."

Kitinda aliguna, akarudi jikoni na sufuria yake.

Likabaki jambo moja. Bosi alitazama anwani ya nje ambayo ruta inadai ni yake, kisha akatazama anwani ambayo ulimwengu unaiona nyumba hii kwayo. Zilitakiwa zifanane. Hazikufanana hata kidogo, na ile ya ruta ilianza na tarakimu ambazo kila aliyewahi kushika ruta anazijua: ni anwani ya ndani. Maana yake, mbele ya ruta yake kulikuwa na ruta nyingine. Bawabu wa pili, ambaye hakuambiwa chochote, alikuwa anafukuza kila mgeni kabla hajamfikia wa kwanza.

Damu ilimchemka. Alishika waya unaoingia kwenye ruta akaufuata kwa mkono, nyuma ya kabati, kwenye tundu la ukuta, hadi chumbani kwa mama. Aliingia ameinama, macho sakafuni. Waya ulipotelea chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Bosi akapiga magoti. Ruta ya pili ilikuwepo, ndogo, nyeusi, inapepesa taa. Akachomoa waya.

"Kitinda!"

Mdogo wake alikuja akasimama mlangoni.

"Mnafiki mkubwa wewe. Mama yangu mzazi umenifichia kwa kidude hiki? Unamfanya nini humu ndani usichotaka nikione? Sema!"

"Mimi."

Sauti ilitoka juu ya kitanda, nzito, ya mdomo unaofunguka upande mmoja.

"Nilimwambia mimi," mama alisema. "Na nikamwambia asikwambie. Nilijua utafoka."

"Kwa nini, mama?"

"Ananiosha, unatazama. Ananibadilisha nepi, unatazama. Siku ile ukampigia simu, ukamwambia hakunifuta vizuri. Akaweka simu hapa kwenye mto wangu, nikasikia na mimi. Nikasikia watu wanacheka nyuma yako."

Bosi aliikumbuka siku ile. Alikuwa kazini, simu imeegemezwa kwenye kikombe, wenzake wamezunguka meza. Walikuwa wanacheka mambo yao, au labda hawakuwa wanacheka mambo yao. Hakuwahi kugeuka kuangalia. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilitaka kujua kama unatunzwa."

"Ungekuja."

Kitinda alitazama pembeni. Bosi alikuwa bado amepiga magoti, waya mkononi, na ndipo alipotambua kwamba hajamtazama mama yake usoni tangu aingie isipokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Akainua kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Aligeuza macho taratibu hadi mlangoni.

"Kitinda, mwanangu," alisema, "hebu angalia kama amerudisha waya."