Treni ya Papa Beya Bado Iko Njiani

Mchezo ulikataa kufunguka mbele ya watu wote, na mimi sipendi kuaibishwa na kitu nilichokinunua mwenyewe. Nilibofya, skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maneno ya Kifaransa yaliyosema kuna safari nyingine inayoendelea, kwa hiyo haiwezekani kuanza. Nikabofya tena. Maneno yaleyale. Nyuma yangu wazee wa reli walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wamevaa makoti yao ya kazi yaliyopigwa pasi, wananitazama kisogoni.

"Mbelu," baba akauliza, "iko nini?"

"Iko ile mise à jour, Papa, ile toleo mupya ya muchezo. Niliiweka jana. Leo mchezo unakataa."

"Na nani alikuomba uiweke?"

Baba yangu, mzee Ngeleka, alikuwa shefu wa gare ya Kindu, yaani mkuu wa stesheni ya treni, na mpaka leo anazungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo amesimama mahali asipopaswa kusimama. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Basi sawa, mimi ni nyoka, na siku ile nilikuwa tayari kuuma.

Sale yangu, yaani ukumbi wangu wa michezo ya kompyuta, iko karibu na gare. Siku za kawaida vijana wanakuja kucheza mpira na kutukanana. Jumamosi asubuhi ni ya wastaafu wa reli, na wao mchezo wao ni mmoja tu, kuendesha treni. Ulipotoka kwa walioutengeneza, mchezo huo ulikuwa na milima ya theluji na stesheni ambazo hakuna mtu wa huku atakayeshukia. Mimi ndiye niliyejenga ndani yake njia yetu, kutoka Kibombo mpaka Kindu. Baba alikaa kando yangu akinitajia kila kona na kila daraja, tukagombana, nikabomoa, nikajenga upya, mpaka siku moja akaitazama gare yake kwenye skrini, akasema paa limekaa vizuri. Kwa baba yangu hiyo ni sifa kubwa. Ninaisema popote ninapokwenda, na anayeona ninajigamba aende akajenge yake.

Siku ile hatukuwa na Jumamosi nyingine ya kungojea. Papa Beya, mashinisti, yaani dereva wa treni, rafiki wa baba tangu walipokuja wote wawili vijana kutoka Kasai, alikuwa anaondoka. Binti yake Odile alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye Lubumbashi, na ndege yao ilikuwa ya alasiri. Macho ya mzee yanafifia, na safari ile si ya kurudi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameitoa treni Kibombo, ameiendesha vizuri mpaka karibu kabisa na Kindu, ndipo watu wakaja kumwita aende uwanja wa ndege kumpokea Odile. Treni ikabaki njiani. Mchezo wetu huhifadhi safari ikifika kituoni tu, na kuianza upya kutoka Kibombo kunakula nusu siku. Papa Beya alitaka kitu kimoja kabla ya kupanda ndege, aiingize treni hiyo gare.

"Sitaacha treni porini mara ya pili," alikuwa amewaambia wenzake, na hakuna aliyecheka.

Basi nikakunja mikono ya kitenge na kuanza kazi. Nilizima kompyuta kubwa nikaiwasha. Nikaangalia kama nafasi imejaa. Haikujaa. Nikaangalia tarehe na saa, kwa sababu mashine ikikosea tarehe hukataa mambo mengi ya maana. Zilikuwa sawa. Nikatazama kama kinga ya virusi imemeza faili la mchezo, maana ile huwa haichagui, inameza hata cha mwenyeji. Haikumeza kitu. Sasisho lenyewe lilikuwa limeshuka zima, halikukatika. Kila kitu kilikuwa kizima, na mchezo haufunguki. Hapo ndipo mtu huanza kuikasirikia mashine kama mke mwenza.

Odile alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na ndege tu.

"Yaya Mbelu," akaniita kama dada mkubwa, "si ufute yote uweke upya? Ni mchezo tu, hata."

"Ni mchezo tu," nikarudia, na nadhani aliisikia sauti yangu, maana alitazama chini.

Nikafungua kabati la mchezo, yaani lile folda ambalo kompyuta zangu zote zinasoma humo, nikaingia ndani kabisa. Ndipo nikakiona. Kulikuwa na kifaili kidogo kilichoitwa kufuli. Nikaelewa mara moja. Safari ikianza, mchezo unaweka kufuli. Toleo la zamani lilikuwa halijali kufuli hiyo, toleo jipya linajali: isipoondolewa hakuna anayeingia. Safari fulani ilikuwa imeanza na haikufungwa vizuri, pengine umeme ulipokatika. Dawa yake ni rahisi, unakifuta kifaili, mchezo unafunguka. Niliwatangazia wazee kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimefurahi na kwa sababu napenda kusikilizwa.

"Kufuli inasema njia iko na treni. Lakini hakuna treni. Nafuta, tunaanza."

"Toa mukono," baba akasema.

"Papa?"

"Toa mukono juu ya ile mashini. Nani alikuambia njia iko wazi?"

"Mimi njo najua, Papa! Mimi njo niliijenga!"

"Umeiona kwa macho?"

"Kuona nini? Iko kifaili!"

"Kama hukuona kwa macho, njia haiko wazi. Sikio halizidi kichwa, Mbelu."

Wale wazee wote wakatikisa vichwa, na mimi nikahisi damu inanipanda. Lakini sikubofya. Kila mtu katika chumba kile, isipokuwa Odile, alijua baba alipoilipia kanuni hiyo.

Njia yetu ni ya reli moja. Gare haitoi treni mpaka gare ya mbele iseme njia ni wazi, na haisemi njia ni wazi mpaka treni iliyotangulia imefika kamili. Kamili maana yake shefu amesimama nje na kuiona kwa macho taa ya mkia, ile nyekundu ya behewa la mwisho. Akiona lokomotivu tu hajaona treni, maana mabehewa yanaweza kukatika nyuma. Wakati wa vita, Papa Beya alikuwa analeta treni ya mwisho kutoka Kibombo, imejaa watu wanaokimbia. Lokomotivu ikafa msituni. Wakangoja, hakuna aliyekuja, na bunduki zikasikika. Akawashusha watu wote, akawaleta Kindu kwa miguu juu ya reli, na watoto mgongoni.

Nilikuwa msichana. Nakumbuka watu wakitokea kwenye reli, wamevimba miguu, na baba amesimama nje ya gare amevaa kofia yake. Nyuma yake alikuwa mkubwa wa wale wenye silaha waliokuwa wameshika mji. Alitaka kutuma treni yake upande ule saa ileile, imejaa askari. Alimwamuru baba aseme njia ni wazi, kwani si hawa hapa, wamefika? Baba akamtazama Papa Beya usoni, akasema mbele ya wote, "Treni haikufika." Mabehewa yalikuwa yamesimama njiani, na treni iliyotumwa gizani ingeyagonga. Walimpiga kwa vitako vya bunduki. Akarudia maneno yaleyale akiwa chini. Treni yao haikutoka, na mguu wa baba haukunyooka tena.

Mji ulimsifu baba. Papa Beya naye alirudi nyumbani kwake na sentensi ile. Treni haikufika. Mashinisti asiye na treni. Hakuwahi kulalamika, ila toka siku hiyo mtu akimwita mashinisti alikuwa anatazama pembeni.

Basi nikatoa mkono kwenye kipanya. Nilikuwa bado na hasira, na nikaamua kuifanya kazi kwa hasira hiyohiyo, lakini kwa kanuni. Kama kuna treni njiani, iko kwenye mashine gani? Nikapita kompyuta moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa tupu, hazina safari yoyote. Kisha nikajiuliza mzee aliichezea wapi wiki iliyopita, na jibu likanifanya niketi mbele yake.

"Papa Beya, siku ile ulicheza ku ile kompyuta ndogo ya kukunja, njo hivyo?"

"Njo ile. Kwa ile naona karibu."

"Na wakati walikuita, ulifunga namna gani?"

Akashika kofia yake kwa mikono miwili. Nikamrudia swali polepole.

"Niliifunika tu."

"Haukubonyeza kutoka?"

"Mbelu, ile kitufe ya kutoka, wameandika nini juu yake?"

Nilikijua kitufe hicho. Nilikuwa nimekibonyeza mara nyingi bila kukisoma. Kimeandikwa kwa Kifaransa, Telekeza treni.

"Siwezi kubonyeza ile," akasema. "Kila Jumamosi naingiza treni gare, njo natoka. Siku ile haikuingia. Basi nikaifunika, nikasema ingoje."

Odile alikuwa ameacha kutazama saa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba baba yake alikuwa na jambo moyoni.

Kompyuta ndogo ilikuwa chini ya meza yangu, nimeifunga kitenge kuikinga na vumbi, na waya wake wa umeme nilikuwa sijauchomoa. Nikaifungua. Ilichelewa kuamka, na katika kuchelewa kule nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Kisha skrini ikang'aa, na treni ilikuwa pale. Imesimama palepale alipoiacha, taa zake zimewaka, na Kindu kule mbele. Kama ningekifuta kile kifaili, safari ile ingekufa palepale. Nilimgeukia baba, na ninakiri kwamba sikutaka kukutana na macho yake, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama treni.

Nikaunganisha waya kwenye skrini kubwa. Papa Beya akavaa kofia, akasogeza kiti, akaweka vidole kwenye kibodi. Aliachia breki taratibu, treni ikajikusanya na kuanza kwenda, ikapita ile kona niliyoijenga mara nyingi, ikapita miti, ikapiga honi mahali ambapo honi hupigwa. Odile alikuja kusimama nyuma ya kiti cha baba yake, akaweka mkoba chini sakafuni.

"Papa, kumbe njo kazi yako hii?" akamwuliza kwa sauti ndogo.

"Njo kazi yangu."

Treni ikaingia Kindu polepole, ikapita chini ya paa lile lililokaa vizuri, ikasimama. Wazee wakamgeukia baba. Baba akainuka, akaegemea fimbo, akasogea karibu mpaka uso wake ukakaribia skrini, akaipitisha macho treni yote kutoka mbele mpaka nyuma, behewa kwa behewa. Mwisho wake taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Treni imefika kamili," akasema. "Njia iko wazi."

Wakapiga makofi. Papa Beya akainama, anataka kuinuka, lakini baba akamwekea mkono begani akamrudisha kitini.

"Bado sijamaliza. Beya, siku ile ya vita, watu wote walitangulia, weye ukatembea nyuma ya wote. Ulishika nini ku mukono?"

Papa Beya akatazama pembeni.

"Alitoa taa ya mukia ku behewa ya mwisho," baba akatuambia sisi. "Akatembea nayo nyuma ya watu mpaka hapa, muntu asipotee nyuma yake. Nilisimama inje, nikahesabu vichwa mpaka nikaiona ile taa. Ningesema mbele ya wale wenye bunduki kwamba niliona taa ya mukia, wangetuma treni yao usiku ule, igonge yale mabehewa. Njo maana nilisema haikufika." Akamgeukia rafiki yake. "Lakini niliiona, Beya. Taa ya mukia niliiona."

Papa Beya alivua kofia. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta. Mimi nililia pia, na nilijivuna kuliko siku zote za maisha yangu, kwa ajili ya wazee wale wawili na kwa ajili ya gare niliyoijenga wakapata mahali pa kusemea maneno hayo.

Papa Beya alipotoka alisahau kufunga mchezo. Nilibonyeza mwenyewe. Treni ikiwa gare, kitufe kile huonyesha maneno mengine: Maliza kazi.

Odile alimshika baba yake mkono kumshusha ngazi. Nilimsikia nje akimwambia dereva wa pikipiki aendeshe vizuri, amebeba mashinisti.